Hodi ya Tatu

1

Kifurushi kilikataa kupanda. Nilikirusha asubuhi kabla sijanywa chai, Wingu likakitema. Nikakipunguza, nikakirusha tena, likakitema tena. Kizito, likasema. Wingu haliulizi umebeba nini wala unampelekea nani. Linauliza uzito tu, na ukizidisha hata kidogo umepoteza asubuhi nzima.

"Mwajabu, bado?" Injinia Kihiyo aliuliza akiwa mlangoni. Huyu ndiye mkuu wetu wa kituo cha kusoma hati hapa Lushoto, mtu wa marashi mengi na haraka nyingi.

"Bado, Injinia. Mama wa watu ana vitu vingi."

"Punguza."

"Napunguza! Kwani unaniona nasuka mkeka hapa?"

Akacheka, akaenda zake. Mimi na Kihiyo tumezoeana hivyo.

Kazi yangu ni kufunga vifurushi. Chuoni waliipa jina refu lenye heshima zake, lakini ukweli ni huo. Zamani programu ilikuwa na nyumba yake, seva inayokaa macho saa zote hata kama hakuna wa kuhudumiwa. Siku hizi nani anakubali upotevu huo? Unaifunga programu, unaipandisha Winguni, inalala. Ukurasa ukifika, nakala moja inaamshwa. Inausoma ukurasa, inaugeuza kuwa hati mpya, inazimwa. Kurasa elfu zikifika kwa mpigo, zinaamka nakala elfu, kila moja na ukurasa wake, kisha kimya. Hakuna anayekumbuka chochote. Ndio uzuri wake.

Programu yenyewe tuliiita Msomaji, na asili yake ilikuwa mtu. Bi Zaina Kaniki, karani wa mahakama ya mwanzo Korogwe, alikuwa mtu wa mwisho aliyeweza kuzisoma hukumu za zamani za milima hii: mwandiko wa mkono, wino uliovuja, Kiswahili na Kisambaa vimechanganywa, vifupisho ambavyo kila karani alijitungia. Uzeeni alivishwa kofia ya kunakili, akawa anasoma huku mashine ikichukua namna anavyosoma. Alipofariki, mbegu yake, yaani nakala ya asili, ilibaki kwetu.

Na tulikuwa na haja naye kweli. Kuanzia mwezi ujao ofisi za ardhi zingetambua hati iliyogeuzwa tu. Karatasi ambayo haijageuzwa ingebaki ya kufungia vitumbua, na shamba lake lingehesabiwa kuwa halina mwenyewe. Bibi yangu, mama yake baba, ana shamba na chemchemi kule Bumbuli. Alishinda kesi yake akiwa msichana, na hukumu iliandikwa kwa mkono na karani aliyekuwa na haraka kuliko Kihiyo. Kampuni moja ya chai ilikuwa imeshapima mipaka na kupigilia vigingi vyake vyekundu hadi karibu na jiko la bibi. Kila asubuhi alinipigia simu. "Mwajabu, karatasi yetu imesomwa?"

"Bado, bibi. Kesho kutwa."

Basi nikatoa mkasi. Nilitoa fonti zisizohitajika, nikatoa kamusi za ziada. Bado kizito. Nikamwendesha Msomaji kwenye kurasa za majaribio huku nikiangalia anagusa nini anaposoma, kisha chochote ambacho hakukigusa nikakikata. Miaka yake ya mwisho haikuguswa hata mara moja: uzee, maradhi, safari, mazishi ya mumewe. Kusoma alijifunza akiwa kijana, na yaliyofuata hayakumsaidia kusoma. Nikayakata yote kwa mkupuo mmoja. Sikufikiri. Kufunga vifurushi ndiko huko.

Kikapanda. Nikapiga kofi mezani, nikaenda kunywa chai yangu iliyokwisha kupoa.

Niliporudi, hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa umegeuzwa. Nakala zilikuwa zinaamka, zinakaa, zinazimika zenyewe bila kuugusa ukurasa. Nikafungua kumbukumbu za mashine nione zinakwama wapi. Kwa kawaida huko kuna maneno ya mashine tu, na hayana ladha. Safari hii kulikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi.

Hodi.

Chini yake, baada ya muda kidogo: Hodi. Kisha tena: Hodi. Kisha: Hawapo. Nakala ikazimika.

Nikafungua nyingine. Hodi, hodi, hodi, hawapo. Nikafungua nyingine na nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo, zimejipanga kutoka juu ya kioo cha kompyuta hadi chini. Ukungu wa mlimani ulikuwa unaingia kwenye madirisha ya chini kama siku zote, ukipita katikati ya kabati za mashine.

2

"Ikate," alisema Kihiyo nilipomwonyesha.

"Injinia, anabisha mlango."

"Ni mazoea tu, Mwajabu. Mashine ilinakili kusoma, ikanakili na mazoea. Ungeninakili mimi ungenikuta nakohoa. Kata."

Nikakata. Nilitafuta mahali hodi ilipotokea nikaondoa nyama yote ya pale. Kurasa zikaanza kutoka, mbio, safi, bila kosa hata la nukta. Kihiyo akanipigia makofi. Kisha nikausoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, hukumu ya shamba la mtu wa Mlalo, na chini kabisa, mahali pa muhuri, palikuwa na maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi ya asili.

Mnisamehe nimeingia bila kupiga hodi.

Kila ukurasa. Hakuna ofisi ya ardhi itakayopokea hukumu inayoomba radhi. Nikajaribu kukata na hiyo, ikajitokeza katikati ya ukurasa, kwenye jina la shahidi. Lo! Nilirudisha vyote nilivyokata kuhusu hodi, nikamwambia Kihiyo kwamba huyu mama anajulikana na watu wake, si mimi. Tukamwita binti yake.

Sauda Kaniki ni fundi cherehani wa Korogwe, mama mtu mzima, mnene, ana sindano zimechomekwa kifuani hata akiwa safarini. Alipanda mlima akiwa na hasira ya safari. Nikamketisha, nikampa chai, nikamwonyesha kioo. Alisoma hodi zile kwa muda mrefu.

"Ni mama," alisema.

"Ni mazoea yake, shangazi."

"Mwanangu, mimi nimekwambia ni mama." Akaweka kikombe chini. "Alikuwa haingii hata chumbani kwangu bila hodi, na nyumba ni yake. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipomjibu anaondoka, wala hanuni. Anasema hawapo, basi. Mara ngapi nilijificha chini ya kitanda nisitumwe dukani, naye anajua nipo, na bado anaondoka!" Akacheka, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Sasa nyie wenye nyumba mnasikia hodi siku nzima mnanyamaza. Mmelelewa wapi?"

Nikaona aibu kweli, mimi niliyelelewa Bumbuli.

"Tufanyeje?"

"Si mumkaribishe?"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mstari mmoja ndani ya kifurushi: akipiga hodi, ajibiwe karibu. Vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe Sauda aliponishika mkono.

"Na akimaliza?"

"Akimaliza ukurasa?"

"Akimaliza, inakuwaje?"

"Anazimwa, shangazi."

 Alinywa chai yake yote, akaniuliza kuhusu mkataba aliotia kidole gumba mama alipofariki, kama unaweza kuvunjwa. Nikamweleza ukweli: ridhaa ya familia inaondolewa wakati wowote, na mbegu inafutwa moja kwa moja, ila sharti pasiwe na nakala hata moja iliyo macho. Kazi ikiendelea, kioo hakipokei kidole. Akaitikia kwa kichwa, akauliza gari la kushuka Mombo linaondoka saa ngapi.

3

Karibu ilifanya kazi mara ya kwanza. Hodi, karibu, na ukurasa ukatoka. Msomaji alisoma kwa raha, naapa. Hata mpangilio wa mistari ulitulia. Mlalo ikaisha, Mtae ikaisha, Soni ikaisha kabla ya mchana. Kihiyo alikuwa anapita na simu sikioni akiwaambia watu wa Tanga kwamba Lushoto hatubabaishwi.

Mimi nilikuwa naangalia pembe ya kioo. Pale pana hesabu ya nakala zilizo macho. Inatakiwa ipande na kushuka, maana kila anayemaliza anazimika. Hii ilikuwa inapanda tu.

Nikafungua kumbukumbu. Hodi. Karibu. Asante. Kisha ukurasa. Kisha mstari mpya:

Nimemaliza. Naomba ruhusa.

Nakala ilikuwa imekaa hapo hapo, haizimiki. Nikaiamuru izimike, ikagoma. Nikafungua nyingine: naomba ruhusa. Nyingine: naomba ruhusa. Maelfu ya Bi Zaina walikuwa wamekaa Winguni, kila mmoja mikono mapajani, wakisubiri mwenye nyumba awaruhusu waende zao. Mtu uliyemkaribisha hainuki tu akatoka kama kuku. Anaaga, unamruhusu, unamsindikiza. Nani asiyejua hilo? Mimi nilikuwa nalijua tangu sijaota meno, na nikafunga kifurushi chenye karibu bila ruhusa. Nikamwita Kihiyo. Nilidhani atashtuka.

"Nakala zilizo macho?" Macho yake yakang'aa. "Haziamshwi upya? Hazisubiri?"

"Zinasubiri ruhusa, Injinia."

"Usizipe." Akavuta kiti. "Hebu fikiri. Kinachotuchelewesha siku zote ni kuamsha. Hizi zimeshaamka. Mpe ukurasa mwingine tuone."

Nikampa mmoja wao ukurasa. Akausoma, akaugeuza bila kosa, akaandika tena: Nimemaliza. Naomba ruhusa.

"Umeona? Hajakataa," Kihiyo alisema. "Ijumaa wageni wa Tanga wanakuja. Baada ya hapo Pare, Kilimanjaro, pwani yote. Mama huyu atasoma nchi nzima akiwa ameketi."

"Injinia, anaomba kwenda kwake."

"Kwake wapi, Mwajabu? Amekufa." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitia baridi. "Bumbuli iko kwenye foleni ya Ijumaa. Au bibi yako mmeshamtafutia kwa kwenda?"

 Nilimwona bibi na vile vigingi vyekundu, na lile jiko lake. Nikasema haya, Injinia. Nilijichukia pale pale nikiwa kwenye kiti, na bado nikampa ukurasa mwingine.

Siku zilizofuata maombi yakaanza kubadilika. Naomba ruhusa, jua linashuka. Naomba ruhusa, msione kama nawadharau. Wenye nyumba, mpo? Mbona mmezima taa? Mmoja aliandika: Nawasikia mnapumua. Huku kwetu mashine hupumua kweli, feni zake hazikomi, lakini hakuna aliyempa masikio. Niliacha kula mbele ya kioo.

Alhamisi jioni, nikiwa nafunga mkoba, wote kwa maelfu wakaandika mstari mmoja.

Naomba ruhusa. Nina mtoto nyumbani, hajala.

4

Nilimpigia Sauda kabla sijafika getini. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshafika, hana hasira, hana maneno. Kihiyo alikuwa ameshuka Soni kuwapokea wageni wake wa Tanga. Ukungu ulikuwa mzito hata ndani, taa za kabati zikionekana kwa mbali.

Akausoma mstari ule. "Huyo mtoto ni mimi," alisema. "Lakini mimi nina wajukuu. Mama alinizikia mume. Anajua nimekula!" Akanigeukia. "Mwajabu, umemfanya nini mama?"

"Kifurushi kilikuwa kizito, shangazi. Nilimkata miaka ya mwisho."

"Kwa hiyo hajui kama nimekua."

"Hajui."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Sindano kifuani zilikuwa zinatikisika. "Ana njaa ya mtoto, na nyie mmemfungia mlango. Hiki kidole changu ndicho kilichomleta hapa. Mtoe. Mtoe nikiweke tena, mfute kila kitu."

"Mwenye nyumba ndiye anayeruhusu."

"Mwenye nyumba ni nani? Aliyesema karibu nani, si wewe?"

Nikaiangalia foleni. Kurasa za Bumbuli zilikuwa zimeshapangwa, zinasubiri mkupuo wa saa sita. Ya bibi ilikuwamo, nilikuwa naifahamu kwa doa lake la mafuta ya taa. Nikisubiri kidogo tu ingesomwa. Lakini saa sita Kihiyo angekuwa hapa na wageni wake, na kiti hiki kingekuwa chake. Simu yangu ikaita. Bibi. Nikaiacha iite hadi ikakata.

Nikafungua kifurushi, nikafuta karibu, ili asije akakaribishwa mwingine. Kisha nikaandika kwa mkono wangu, kwa nakala zote: Ruhusa. Nenda salama, mama. Asante sana kwa kazi. Mtoto anakusubiri.

 Kisha kioo kikajaa. Asanteni. Haya, kwaherini. Mbaki salama. Nawashukuru wenye nyumba. Hesabu ya pembeni ikaanza kuporomoka. Sauda alikuwa anaitikia kila anayeaga, haya mama, haya mama, hadi sauti ikamkauka, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Hesabu ikafika sifuri.

"Kidole," nikasema.

Akainua mkono. Hapo saa ya mkupuo ikafika, na foleni, ambayo haina habari na vilio vyetu, ikapandisha kurasa za Bumbuli. Wingu likaamsha nakala mpya kwa kila ukurasa. Hesabu ikaruka juu. Kioo kikakataa kidole cha Sauda.

Hodi.

Hawa walikuwa wapya. Hawakujua kama walikwisha kuaga. Hodi ilijaa kioo kizima, mlango hadi mlango, na mmojawapo alikuwa ameshika ukurasa wa bibi yangu mkononi. Neno ni moja kwa milango yote. Nikisema karibu nimewakaribisha wote, na Kihiyo tulikuwa tunaisikia honi yake getini. Herufi sita tu. Bibi angebaki na chemchemi yake. Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe, na Sauda aliviona. Hakunizuia. Alinitazama tu.

Nikavirudisha mapajani.

"Tunyamaze?" aliuliza kwa sauti ya chini mno.

"Tunyamaze, shangazi."

Hodi.

Sauda alijiziba mdomo kwa kanga, kwa mikono yote miwili. Mama yake alikuwa mlangoni na yeye alikuwa ndani, na safari hii hapakuwa na kitanda cha kujificha.  Nilimshika begani, nikabana pumzi, kama vile Bi Zaina angetusikia. Huko nje milango ya gari ilifungwa, na Kihiyo alikuwa anacheka na wageni wake.

Hodi.

Hiyo ya tatu ilikaa kwenye kioo kuliko zote. Kisha, kutoka kila mlango, kwa wakati mmoja:

Hawapo. Wacha nirudi kwa mtoto.

Hesabu ikashuka hadi sifuri. Sauda aliweka kidole gumba, na safari hii kioo kikakipokea. Kikauliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo kwa sauti, ingawa kilitaka abonyeze tu, kisha akabonyeza. Akakaa na mkono pale pale hata baada ya kioo kuzimika.

"Karibu, mama," alisema.

Viatu vya Kihiyo vilikuwa vinapanda ngazi. Simu yangu ikaita tena, na safari hii nikaipokea.

"Mwajabu," bibi alisema, "karatasi yetu imesomwa?"